Shabiki Hana Mkono wa Birika: Kutafuta Chanzo Pale Timu ya Chuo Inapokosa Wachangiaji

Ukipewa orodha ya majina na kuambiwa "pigeni simu, timu haina hela", jambo la kwanza ni kuiweka hiyo simu chini. Mwongozo huu ni wa wahitimu wanaojitolea na waajiriwa wa idara za michezo katika vyuo vya Marekani, wakiwemo Waswahili wenzetu waliosoma huko wakabaki huko, ambao kila msimu hutumwa kuichangishia timu ya futiboli ya Kimarekani. Nazungumzia ile timu ambayo haijashinda kitu cha maana kwa miaka. Uwanja una watu nusu, na hao nusu wanaanza kutafuta funguo za magari kabla robo ya tatu haijaisha.

Ofisi nyingi hutuma barua moja kwa wote: tunakuhitaji sasa kuliko wakati mwingine wowote. Shabiki aliyevunjika moyo ameshaisoma barua hiyo enzi za kocha huyu, na za yule aliyemtangulia, na za yule wa kabla yake. Ndani ya orodha yako yumo aliyekasirishwa na mkurugenzi wa michezo, yumo aliyechoshwa na wachezaji wanaohamahama, yumo aliyestaafu na kipato kimepungua, na yumo ambaye alitoa na hakuna aliyemwambia asante. Wote wanapelekewa maneno yaleyale, kisha ofisi inalalamika kwamba mashabiki wa siku hizi wana mkono wa birika.

Msimamo wangu ni huu: shabiki aliyeacha kuchangia mara nyingi hajaichukia timu. Ana hasira na mtu fulani au uamuzi fulani. Kazi yako si kuifuta hasira hiyo, maana mara nyingi ni ya haki. Kazi yako ni kujua imemlenga nani, halafu umtafutie njia ya kutoa ambayo haimzawadii huyo aliyemkasirisha.

Anza na kumbukumbu za ofisi

Fungua rekodi ya kila jina na utazame mambo matatu: alitoa lini mara ya mwisho, tiketi ya msimu aliiacha lini, na kama bado anafungua barua pepe za timu. Yakisomwa pamoja, hayo matatu husema mengi.

Aliyeacha tiketi na mchango mwezi mmoja ana kinyongo na tukio. Chukua kalenda uone mwezi huo kulitokea nini: kocha kafukuzwa, bei ya viti imepanda, mchezo fulani umefutwa. Aliyekuwa akipunguza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, huenda maisha ndiyo yamebadilika, na huyo usimsumbue na hotuba juu ya uaminifu. Aliyetoa mara moja tu akapotea hakushukuriwa, au alishukuriwa kwa barua nyingine ya kuomba. Anayelipia tiketi kila mwaka lakini hachangii pengine anaamini tiketi ndiyo mchango wenyewe. Na anayefungua kila barua pepe bila kutoa senti ndiye wa kumpigia kwanza, kwa sababu bado anajali.

Dalili: "Hela zangu mlimlipa kocha mliyemfukuza"

Hili ndilo lalamiko la kwanza utakalolisikia, na ndilo ambalo wapiga simu hulijibu vibaya kuliko yote. Mikataba ya makocha wakuu ina kipengele cha fidia: ukimfukuza kabla ya muda, unaendelea kumlipa. Mfano ambao kila shabiki anaujua ni Texas A&M, waliomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023 huku fidia yake ikizidi dola milioni 75. Chuo chako hakifiki huko, lakini kwa bajeti ndogo hata fidia ya milioni mbili inauma zaidi.

Usiutetee mkataba. Hukuuandika wewe, na shabiki anajua kwamba hukuuandika wewe. Kabla ya kupiga simu mwulize msimamizi wako mambo matatu: fidia hiyo ni kiasi gani, inalipwa kutoka mfuko gani, na inaisha lini. Ukiyapata, mwambie shabiki kama yalivyo. Ukinyimwa majibu, basi umeshajua kwa nini michango haiji, na tatizo haliko kwenye orodha yako.

Baada ya hapo mpe nafasi ya mchango wenye masharti, yaani fedha ambazo mtoaji ameandika zitumike kwa jambo gani na chuo kinabanwa kulifuata. Ila angalia: mtu mwenye akili ya biashara atakuuliza, "Nikilipia chakula cha wachezaji, si ile bajeti ya chakula itahamia kwa kocha?" Ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana kitu unachokiombea kiwe nje ya bajeti iliyopitishwa, kitu ambacho asipotoa yeye hakitakuwepo kabisa: muhula wa ziada wa masomo kwa mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza bila shahada, vyombo vya bendi ya chuo, nauli ya wazazi kwenda kushuhudia mechi ya mwisho ya mtoto wao. Mwonyeshe ukurasa wa bajeti usio na kitu hicho.

Dalili: "Siwajui tena hawa vijana"

Zamani mchezaji alikaa miaka minne, ukamjua kwa jina, ukamjua mpaka mama yake pale kwenye maegesho watu wanapochoma nyama kabla ya mechi. Oktoba 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianzisha mfumo wa majina ya wanaotaka kuhama. Aprili 2021 kikamruhusu mchezaji wa futiboli kuhama mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima, na Aprili 2024 kikaondoa ukomo wa idadi ya uhamisho kwa mwenye maendeleo mazuri darasani. Timu ndogo sasa inamlea kijana miaka miwili, akichanua anachukuliwa na tajiri.

Shabiki wa namna hii ukimwomba "uimarishe kikosi" unamchoma palepale penye kidonda. Kikosi kitaondoka msimu ukiisha. Mwombee kinachobaki: chumba cha tiba, walimu wa ziada, nyasi za uwanja wa mazoezi. Au mkutanishe na waliobaki. Kila timu ina kijana wa mtaani aliyeitwa na chuo kikubwa zaidi akakataa. Huyo akipiga simu mwenyewe kwa dakika tano anafanya kazi kuliko video yoyote ya kitengo cha mawasiliano. Lakini umwulize kwanza kama yuko tayari, na usimfanye ombaomba: apige kusalimia na kushukuru, basi.

Dalili: "Si mnalipwa na televisheni?"

Wengine wanalipwa. Agosti 2022 ligi ya Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Shabiki akisikia mabilioni anadhani ni ya vyuo vyote. Mweleze kwa upole kwamba ligi ndogo hupata makombo, na kwamba bajeti ya chuo cha aina yako hutegemea sana ada za wanafunzi, ruzuku ya chuo, na kwenda kupigwa kwa malipo.

Hilo la mwisho lielezee vizuri, kwa sababu lina utamu wake. Timu kubwa hununua mechi rahisi nyumbani kwake: inamlipa mdogo aje afungwe. Septemba 2022 Texas A&M iliilipa Appalachian State dola milioni 1.5, na Appalachian State wakashinda 17 kwa 14. Septemba 2024 Northern Illinois walilipwa dola milioni 1.4 kwenda Notre Dame, wakaondoka na hela pamoja na ushindi wa 16 kwa 14. Mashabiki wanapenda hadithi hizi, nami nazipenda, ila usiishie kwenye kicheko. Sema pia ukweli wa upande wa pili: kwa kawaida vijana hupigwa, wengine huumia, na mechi hizo zinachezwa ili mahesabu yafungwe. Kila dola ya mchango wa kudumu inapunguza haja ya kuwauza vijana namna hiyo. Hoja hii mimi naiona nzito kuliko ya kikombe chochote.

Kisha kuna mapatano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken tarehe 6 Juni 2025. Tangu Julai mwaka huo vyuo vilivyokubali kuingia vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa 2025–26. Wachezaji wa zamani nao watalipwa fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa miaka 10, na sehemu yake inakatwa kwenye mgawo ambao NCAA huvipa vyuo vya daraja la kwanza, vikiwemo vidogo ambavyo havikuwahi kuona utajiri huo. Shabiki akikuuliza mbona pengo limekuja ghafla, sehemu ya jibu iko hapo. Mweleze kwa sentensi mbili kisha unyamaze. Ukimfanyia mhadhara wa sheria atakata simu.

Dalili: "Nimeshaombwa na watu watatu wiki hii"

Chanzo ni ofisi yenu. Kuna mfuko wa chuo, kuna mfuko wa idara ya michezo, na tangu Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kukazuka vikundi vya wafadhili vinavyokusanya hela hizo kando. Wote wana namba ya simu ya mtu mmoja. Keti na hao wenzako, mtengeneze kalenda moja, kila jina liwe na mpiga simu mmoja. Hamkubaliani? Basi angalau wewe anza simu kwa kumtajia vikundi vyote vitatu na tofauti zao, achague mwenyewe, hata akichagua kisicho chako.

Dalili: "Mhasibu wangu kasema hailipi"

Huenda mhasibu yuko sahihi. Mpaka mwisho wa 2017 mtu aliyechangia ili apate haki ya kununua viti vizuri aliweza kuondoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Sheria iliyoanza 2018 ililifuta hilo. Juni 2023 mamlaka ya kodi, IRS, ikatoa waraka unaosema vikundi vingi vya wafadhili wa wachezaji havistahili hadhi ya taasisi ya hisani. Habari njema kidogo: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, hata asiyeorodhesha makato yake anaweza kupunguziwa hadi dola 1,000 za michango ya fedha taslimu kwa taasisi za hisani, au 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Mchango unaonunua haki ya kiti hauingii humo. Usitoe ushauri wa kodi kwenye simu. Mtumie maelezo ya maandishi ampelekee mhasibu wake.

Dalili: "Mmeua mchezo wangu, sasa mwataka niulishe mwingine"

Hili Waswahili tunaliona kwa karibu, kwa sababu wengi wa ndugu zetu waliotangulia kwenye vyuo hivyo walikwenda kwa miguu yao, yaani kwa mbio. Suleiman Nyambui wa Tanzania aling'ara akiwa UTEP, pale El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Chuo hichohicho cha Washington State kilijikuta mwaka 2023 kimeachwa na Oregon State pekee baada ya wenzao kumi kuikimbia ligi ya Pac-12 kufuata hela za televisheni, na katikati ya 2025 kikatangaza kwamba riadha yake itajikita kwenye mbio ndefu, michezo ya kurusha na kuruka ikafutwa. Mhitimu aliyerusha mkuki ukimpigia kumwomba hela za futiboli, utasikia ukweli.

Binti mmoja mpiga simu, Mtanzania, katika chuo nisichokitaja, alikutana na mzee wa namna hiyo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Ni wewe tena wa mpira?"

"Ni mimi, Mzee. Leo siombi hela. Nimepiga nikuulize nini kilikuudhi."

Upande wa pili kimya, kisha kikohozi. "Mimi nililetwa hapa na mbio. Mmepunguza nafasi za mbio, mmejenga ofisi za makocha wa mpira, zina vioo kama hoteli. Sasa niwape nini, na niwape kwa ajili ya nani?"

Binti hakubishana. Alimwuliza angetaka hela yake, kama angekuwa anatoa, imfikie nani. Mzee akafikiri, akasema: mtoto anayetoka mbali, ambaye likizo vyuo vikifungwa hana pa kwenda. Vijana wa futiboli wa namna hiyo wapo wengi, na wa mbio wapo, na mfuko wa kuwalisha na kuwalaza wakati wa likizo ulikuwepo lakini haukuwa na hela. Mzee alitoa kiasi kidogo. Hakumsamehe mkurugenzi wa michezo, wala hakuombwa amsamehe. Alipokata simu alisema tu, "Mwambie huyo bosi wako vioo vile nimeviona."

Tazama alivyofanya binti: aliuliza nini kilimuudhi, akasikiliza bila kutetea, akauliza angependa imfikie nani, na akiba ya majibu alikuwa nayo mkononi. Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maandalizi. Usipokuwa na orodha ya mifuko midogo midogo yenye majina na kiasi kinachohitajika, swali zuri litakuacha umekodoa macho.

Dalili: "Afadhali mfunge timu"

Msikilize vizuri anayesema hivi, maana huwa ndiye aliyeipenda kuliko wote. Na usimjibu kwa kumwambia kwamba haiwezekani. Inawezekana. Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Birmingham, UAB, kiliifuta timu yake tarehe 2 Desemba 2014. Rais wa chuo, Ray Watts, alitoa sababu za kihesabu: gharama zinapanda kuliko uwezo wa chuo. Timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 6 na kupoteza 6 chini ya kocha mpya, Bill Clark, jambo ambalo kwa UAB lilikuwa nafuu kubwa.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila mchangishaji. Watu ambao kwa miaka waliuacha uwanja wa Legion Field ukiwa na viti vitupu walianza kuahidi fedha. Tarehe 1 Juni 2015 Watts alitangaza timu itarudi, ahadi za kuziba pengo zikiwa zimefika takribani dola milioni 17. Timu haikucheza 2015 wala 2016. Iliporejea Septemba 2017, mechi ya kwanza ilijaza watu zaidi ya 45,000, msimu ukaisha kwa ushindi mara 8 na vipigo 5, na mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa wa Conference USA.

Wepesi wa kuiga husema: basi tutishie kufunga. Hapana. Kitisho cha uongo kinafanya kazi mara moja, na baadaye kila barua yako itasomwa kama kitisho. Yaliyoisaidia Birmingham ni mengine. Pengo lilikuwa na kiasi kinachotajika, kwa hiyo mtu alijua akitoa amepunguza nini. Wafanyabiashara wa mji walisema wenyewe, si kupitia msemaji wa chuo. Na zaidi ya yote, mashabiki walikuwa na hasira na wakubwa: waliishuku bodi inayosimamia vyuo vya mfumo wa Alabama kwamba inaipendelea kampasi kuu ya Tuscaloosa, na Watts walimpigia kelele hadharani. Hasira hiyo haikuzimwa ndipo wakatoa. Walitoa huku wakiwa nayo, kwa sababu kuirudisha timu kulikuwa ni kuwapinga waliowakasirisha.

Kwako wewe maana yake ni hii: mwenye kusema "mfunge" mwulize, "Kama ingefungwa kesho, ungekosa nini?" Jibu lake, iwe bendi, iwe Jumamosi na watoto, iwe rafiki wanaokutana pale tu, ndilo la kuombea mchango.

Dalili: "Nitarudi mkianza kushinda"

Mkubalie, muachie mlango wazi, nenda kwa jina linalofuata. Huyu hajavunjika moyo, anasubiri. Na usimwahidi ushindi hata kwa utani. Ndiyo, Indiana, waliojulikana kwa kupoteza mechi nyingi katika historia kuliko programu nyingine kubwa, walimchukua Curt Cignetti mwishoni mwa 2023 na mwaka uliofuata wakashinda 11, wakapoteza 2 na kuingia mchujo wa ubingwa wa taifa. Kila mkurugenzi wa michezo nchini sasa anatamba na mfano huo. Ukiutumia kwenye simu umejifunga kwa jambo ambalo huna mkono nalo.

Dalili: alirudi, akatoa, akapotea tena

Nenda kwenye faili lake uone alipata nini baada ya kutoa. Mara nyingi utakuta risiti ya kompyuta na, wiki chache mbele, ombi jipya lenye kiasi kikubwa zaidi. Kwetu mtu akichangia harusi anajua kamati itakaa kuvunja hesabu, na bila kikao hicho mwakani hampati kadi yake ya mchango. Mfanyie hivyohivyo: simu ya asante ndani ya siku mbili kutoka kwa mtu, si mashine; na baada ya muhula, nusu ukurasa unaosema hela iliingia kiasi gani, imetumika wapi, imebaki kiasi gani, na kama kuna kilichokwama, kimekwama kwa nini. Usiambatishe fomu ya kuchangia. Ombi jipya lisubiri hadi taarifa hiyo imfikie na awe na nafasi ya kuuliza maswali. Akipiga yeye kabla yako, andika kwenye faili alichouliza, neno kwa neno, ili atakayeshika simu baada yako asianze upya.